Kipande Namba Saba

9 Februari

Kwako Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima zote nakuarifu kwamba mwili wangu ni mzima, chumba nilichopanga kina dirisha, na mwezi wa kwanza wa kazi nimeumaliza bila kukaripiwa. Mwambie Mama kwamba viatu vya mahafali ndivyo ninavyovaa ofisini na kwamba ninakula. Swali hilo huliuliza kila anaponipigia, kana kwamba chuo kikuu hufundisha watu kusahau kula. Goti lake linaendeleaje? Ningekupigia simu wewe pia, lakini familia nzima inajua kwamba fundi aliyetengeneza simu za watu miaka thelathini haivumilii hata moja sikioni mwake.

Kipindi changu cha majaribio kitakwisha mwishoni mwa Juni. Atakayetia saini ya kuniajiri moja kwa moja ni Mhandisi Mkuu, mtu mwenye suti tatu na sauti moja. Kwa bahati njema amenipenda, na Jumamosi mbili zilizopita alinialika kwenye klabu anayoiongoza. Ni klabu ya treni ndogo za mfano. Usicheke. Wanachama ni watu wazima wenye mvi na miwani, na klabu iko ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Meza ya mbao inazunguka chumba kizima, na juu yake kuna milima ya plasta, stesheni zenye abiria wadogo kuliko kiberiti, na reli ambayo upana wake ni vidole viwili. Wewe uliwahi kufanya kazi katika mji huu nilipokuwa mdogo. Huenda ulipita mtaa huu mara mia bila kujua kilichopo juu.

Mjomba, pale pananitia kinyaa. Chumba hakiingiliki ila kwa magoti, maana daraja la kuinuliwa lililokuwa mlangoni limepigiliwa misumari, kwa hiyo sote, na Mhandisi Mkuu mwenyewe, tunatambaa chini ya meza kama watu wanaotafuta shilingi iliyodondoka. Sakafu inanata. Ndani ya handaki la plasta nilikuta mavi ya panya yamejaa kama mchele uliomwagika. Karani mmoja mstaafu wa posta husafisha reli kwa kutemea mate leso yake, kisha leso hiyo hiyo anafutia pua, kisha anarudi kwenye reli. Vikombe vya chai vina ukungu wa kijani. Nilitabasamu saa tatu nzima hadi mashavu yakauma.

Uendeshaji wao ni wa kizamani. Reli imekatwa vipande kumi na vinane, na kila kipande kina swichi yake kwenye ubao mkubwa ukutani. Swichi ikiwa juu, kipande kina umeme, na kichwa cha treni kilichopo hapo kinakwenda. Ikiwa chini, kichwa kinasimama palepale. Kwa hiyo mwendeshaji anayetaka kuingia kipande kinachofuata inambidi apaze sauti, “Naomba tano!” na mtu wa ubao amjibu, “Tano chukua!” Fikiria, wasomi wanaombana ruhusa kama wanafunzi wanaotaka kwenda chooni. Nimependekeza tung'oe ubao na kuweka mfumo wa kidijitali, ambao reli yote ina umeme wakati wote na kila kichwa kina chipu yenye namba yake. Unaita namba, kinaitika. Hakuna kuombana. Mhandisi Mkuu alinipigia makofi na kunikabidhi kazi yote.

Ubao wenyewe, nakiri, umefungwa kwa ustadi: kila waya umepangwa na kufungwa uzi kama nywele zilizosukwa. Nilipouliza ni kazi ya nani walicheka. “Ya Mwangushaji,” walisema. Inasemekana aliacha swichi wazi siku ya wageni, akaangusha kichwa cha treni cha mwenzake sakafuni. Kwa kuwa wewe ni mtu wa nyaya, naomba ushauri wako: nianzie wapi kung'oa?

Mpwa wako mtiifu.


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti la mama yako limepungua kuvimba, ila ulimi wake umeongezeka. Anasema chumba chenye dirisha kifungwe dirisha hilo mvua zikianza. Mimi sijambo. Paa la jikoni nimeliziba.

Nimechelewa kujibu. Barua yako niliiweka chini ya redio, kila nikitaka kusikiliza habari naiona.

Huyo Mwangushaji ni mimi.

Hukujua kwa sababu sikusema, na mama yako hajui kwa sababu sikusema. Ubao huo niliufunga kwa miezi kumi na moja, jioni baada ya kazi. Nilikuwa fundi simu kati ya wahandisi na mahakimu, lakini kwenye ubao walinisikiliza. Aliyetaka kipande alikiomba kwangu. Wewe umeona ni jambo la kucheka. Sawa.

Daraja lililopigiliwa misumari liko kwenye mwisho wa kipande cha saba. Zamani lilinyanyuliwa watu wapite, na likinyanyuliwa reli inakatika, inabaki shimo la hatua nzima mpaka sakafu ya saruji. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: daraja juu, saba chini. Unazima saba kwanza, ndipo unasema “Pita.” Siku ya wageni, kwenye saba palikuwa pamesimama kichwa cha treni cha Fundi Saa. Alikuwa mzee wa kutengeneza saa, na kichwa hicho alikitengeneza kwa mkono miaka sita, kila gurudumu kwa tupa. Wageni walitaka kupita. Nikazima saba. Nikasema “Pita.” Daraja likanyanyuliwa. Kisha kichwa cha mzee kikaanza kutembea chenyewe, polepole, mbele ya macho ya watu, kikafika ukingoni, kikaenda.

Niliinama na mzee kuokota vyuma, na nilipogeuka kutazama ubao, swichi ya saba ilikuwa juu. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando yake, akanionyesha kwa kidole. Hakunikaripia.

Fundi Saa aliokota vipande akavitia kwenye kofia yake. Hakurudi tena. Wengine hawakuja kuniona. Mwenyekiti peke yake, huyo Mhandisi wako, alifika nyumbani kwangu, akakaa nami meza moja, akanisaidia kuandika barua ya kumwomba mzee radhi. Hata maneno alinirekebishia. Niliandika kwamba nilisahau kuzima. Mzee hakujibu, na mwaka wa nne alikufa.

Tangu hapo mkono wangu sikuuamini. Kazini nilikuwa nikifunga sanduku la simu, narudi kulikagua, nafika barabarani, narudi tena. Nikawa mzito. Wakanihamishia stoo kuhesabu koili za waya mpaka nilipostaafu. Kwa miaka kumi na tisa ninaona kidole changu kikishusha ile swichi. Ninakiona wazi kama ninavyoiona kalamu hii. Na hapohapo najua kwamba siwezi kuwa niliishusha.

Ng'oa, sina kinyongo. Anza kwa kuzima umeme mkuu, na kila waya ufunge karatasi yenye namba kabla hujaukata. Ombi langu ni moja. Ukifika saba, ingia chini ya meza wewe mwenyewe, utazame, uniambie ulichokiona. Hata kama hakuna kitu.

Mjomba wako.


18 Mei

Kwako Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia salama na niliisoma kwa uzito unaostahili. Pokea pole zangu za dhati kwa yote uliyoyabeba. Natumaini Mama ameanza kutumia ile dawa ya kupaka niliyomtumia, na kwamba haipaki goti la jirani pia kwa ukarimu wake uliozidi kipimo.

Huku kazi inasonga vizuri mno. Nimesimamia ufungaji wa umeme katika jengo la ghorofa nne, na ripoti yangu ilisomwa mbele ya wakurugenzi. Mhandisi Mkuu alisema ina “mpangilio wa mtu mzima.” Zimebaki wiki sita za majaribio.

Klabuni tulianza mlangoni na sasa tumefika kipande cha kumi na mbili. Waya ninazoziondoa zina mafuta na nywele, za panya au za wanachama sitaki kujua. Chini ya cha kumi na moja nilikuta mkate uliooza pamoja na meno ya bandia. Meno, Mjomba! Karani wa posta akayatambua kwa furaha, akayapangusa kwenye suruali, akayatia mfukoni. Nikatoka nje kuvuta hewa. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Watu hawa wana vyeti vilivyotundikwa kuta nzima, lakini hawaoni haya kunawa mikono katika maji yaleyale ya jana.

Mfumo mpya umejibu majaribio yote. Vichwa viwili vilipishana juu ya reli moja yenye umeme uleule, kila kimoja kwa mwendo wake, na hakuna aliyepaza sauti. Ningependa ungeuona.

Kuhusu lile ombi lako la kipande cha saba, bado hatujafika huko. Nitakujulisha ipasavyo.

Mpwa wako mtiifu.


11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Dawa amempa jirani nusu.

Umeandika kwamba mlianza mlangoni. Saba iko mlangoni. Ndicho kipande unachotambaa chini yake kila Jumamosi.

Sikuulizi mara ya pili.

Mjomba wako.


20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za kutanguliza. Mama alikwisha kukuambia kwamba nilithibitishwa kazini tarehe 30 Juni, na kwamba alipiga kelele hadi majirani wakaja. Wewe hukuniandikia pongezi, na sababu naijua.

Saba niliifungua Jumamosi ya tarehe 9 Mei. Nilikuwa kifudifudi na taa mdomoni. Waya zako ziko pale, rangi kwa rangi, zimefungwa uzi. Pembeni yake kuna waya mmoja ambao si wako. Ni mwekundu, mfupi kama kiganja, umebandikwa kwa risasi ya kulehemu, donge upande wa saba na donge upande wa nane, kazi chafu ya mtu mwenye haraka. Kazi yake ni moja tu: kipande cha nane kikipata umeme, saba nayo inapata, hata swichi yake ikiwa imezimwa. Mtu wa treni iliyo kwenye nane hana haja ya kuomba saba.

Nilitambaa nikatoka, nikamwita Mhandisi Mkuu, nikamwonyesha kwa mwanga wa taa. Nilidhani atashangaa.

“Kumbe bado ipo!” akasema, akacheka. “Hiyo niliiweka asubuhi ya wageni. Nilikuwa nimewaalika wakubwa wangu wa kazi, binti. Ningesimamaje mbele yao nikiomba ruhusa kwa fundi simu? Naomba saba, naomba saba... Hata wewe usingekubali.”

Nikamuuliza, “Na kichwa cha yule mzee?”

“Bahati mbaya. Mimi niliwasha nane, nikasahau kwamba saba nayo itaitika. Kata, binti, tuendelee. Au unataka tukae matanga?”

Nilikata, Mjomba. Nilichukua koleo nikakata, na waya akautupa yeye kwenye pipa, juu ya majani ya chai. Hakujua kwamba wewe ni ndugu yangu, na mimi sikumwambia. Jioni hiyo alininunulia soda, nami nikainywa hadi mwisho nikimshukuru kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Siku tisa baadaye nilikuandikia kuhusu meno ya bandia.

Barua yako ya mistari michache niliisoma nikiwa nimesimama ofisini. Nilisubiri nithibitishwe kwanza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilihesabu siku. Kisha nilisubiri mkutano wa mwezi wa klabu, ambao ulikuwa juzi. Wanachama kumi na mmoja, vikombe vilevile. Ilipofika zamu yangu ya kueleza maendeleo ya mfumo, nilisimama nikasema kwamba yule wanayemwita Mwangushaji ni kaka wa mama yangu, kwamba hakuacha swichi wazi, na kwamba aliyeangusha kichwa cha Fundi Saa ni Mwenyekiti, kwa waya ambao madonge yake mawili bado yako chini ya meza na yeyote mwenye magoti aende akayatazame.

Nilitegemea kelele. Hakuna aliyeinama kutazama. Hakimu mstaafu alikoroga chai yake, ambayo haina sukari kwa sababu ana kisukari.

Kisha yule Karani wa posta akasema, kwa upole kabisa, “Sasa binti, kwani nani hapa alikuwa hajui?”

“Ulijua?” nikamuuliza.

“Nilikuwa jirani na ubao. Nilimwona Mwenyekiti akiipandisha ile swichi wakati mjomba wako ameinama na mzee kuokota vyuma. Nilitaka kusema. Lakini wiki ile ile tukasikia ameshaandika barua ya kukiri na kuomba radhi. Mtu ameshaomba radhi mwenyewe, sisi tuseme ili iweje?”

“Tungemvunjia heshima,” Hakimu akaongeza. Sikuelewa heshima ya nani.

Mwenyekiti alikunja miguu, akasema kwamba ulikuwa mtu muungwana sana, kwamba hata ile barua alikusaidia kuiandika ili usiaibike kwa lugha, na kwamba jambo la miaka kumi na tisa lisitupotezee ajenda. Mtu mmoja akauliza kama vichwa vya zamani vitawekewa chipu au vitauzwa. Wakaendelea na hilo. Mjomba, walijadili chipu, huku mimi nimesimama. Nikatambaa nikatoka, na ukungu wa sakafu ukanishika mikononi; nimeosha kwa sabuni mara tatu na bado nausikia.

Klabu nimeiacha. Kazi sijaiacha. Nilitaka kukuandikia kwamba nimejiuzulu, maana lingependeza katika barua, lakini leo asubuhi nilikwenda ofisini, nikakaa kwenye kiti changu. Mhandisi Mkuu alinisalimia kama kawaida, akanipa mradi mkubwa kuliko wa kwanza. Hilo ndilo lililonitia kichefuchefu kuliko yote: hakuwa na hasira nami hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake.

Wao walinyamaza miaka kumi na tisa juu ya mtu wasiyemjali. Mimi nilinyamaza siku sabini na mbili juu yako, nikiwa na barua yako mezani.

Uliizima, Mjomba. Mkono wako ulishusha ile swichi kama unavyoukumbuka. Ningeweza kukuandikia maneno hayo tarehe tisa Mei, kwenye kipande cha karatasi kisichozidi tiketi.

Mpwa wako.


3 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu nimeziona.

Barua yako niliisoma juzi asubuhi, mara moja. Sitaisoma tena. Nilidhani siku nikisikia neno hilo nitafurahi, nitamwita hata jirani. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko kama mtu aliyekula nyama iliyolala. Nilimkaribisha yule mtu nyumbani kwangu. Nilimpa kiti kizuri. Nilimshukuru mlangoni, nikamsindikiza hadi barabarani, akaniambia nirudi ndani nisipigwe na baridi. Na mzee wa watu amekufa akiwa na maandishi yangu, kwa mkono wangu, yanayosema nilisahau. Hilo wewe huwezi kulitengeneza, wala mimi.

Hao wengine sina la kuwaambia. Wakae na chai yao.

Umefanya vizuri kusema mbele yao. Umefanya vizuri pia kutonidanganya kwamba umeacha kazi. Kazi usiache kwa ajili yangu. Usije ukaniwekea na hilo mabegani. Lakini usiniandikie kwamba nawe ni kama wao ili nikujibu kwamba siyo. Sijui kama siyo. Siku sabini na mbili ulikuwa unajua, na ulijua mimi nangoja. Wao hawakuwahi kulelewa mikononi mwangu.

Jana nilifunga bomba la maji uani. Nilipomaliza niliingia ndani nikakaa. Sikurudi kulikagua. Mama yako aliniuliza mbona nimekaa kimya, nikamwambia bomba limefungwa.

Akaniuliza pia barua inasemaje. Nimemwambia u mzima, unakula, na mkubwa wako wa kazi amekupa mradi mpya. Yote hayo ni kweli. Amefurahi, anawaambia watu. Yaliyobaki sitamwambia mimi. Utapanda basi, utafika hapa kabla ya mwezi huu kwisha, utakaa kwenye kile kigoda karibu na goti lake, na utamwambia wewe mwenyewe, tangu tarehe tisa Mei. Mimi nitakuwepo. Sitakusaidia neno hata moja.

Mjomba wako.